Usalama wa Moto katika Majengo ya Lukozi: Cheti Kinapatikanaje na Mkaguzi Anaangalia Nini

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Lukozi ni mji wa soko. Kabichi, karoti, viazi na matunda kutoka Shume, Manolo, Malindi na vijiji vya jirani hukusanywa hapa, hupakiwa kwenye malori na kushuka kuelekea Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Biashara hiyo imezaa majengo: maduka yaliyobanana ukuta kwa ukuta, nyumba za kulala wageni, migahawa, mashine za kusaga, maghala, kumbi na mabweni ya wanafunzi. Kila jengo la aina hiyo hupokea watu wasiolifahamu vizuri. Mgeni aliyefika jioni na kupewa chumba cha mwisho cha korido hajui mlango wa nyuma uko wapi, wala ufunguo wake anao nani.

Makala haya yanafafanua cheti cha usalama wa moto: ni kitu gani, hutolewa na nani, mkaguzi anapofika huangalia mambo gani, na mwenye jengo afuate hatua zipi. Tumeyaandika kwa sababu cheti hiki huchukuliwa na baadhi ya watu kama tozo nyingine tu, karatasi ya kutundika ukutani karibu na leseni ya biashara. Ukweli ni kwamba cheti ni jibu la swali moja: moto ukizuka usiku huu, je, waliomo ndani watatoka wakiwa hai?

Cheti ni nini, na hutolewa na nani

Mamlaka ya kukagua majengo na kutoa cheti cha usalama wa moto ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jeshi hilo linafanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007. Kabla ya mabadiliko hayo, huduma za zimamoto zilikuwa mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa, na huenda ndiyo maana hadi leo wapo wananchi wanaofika katika ofisi za Halmashauri kuomba cheti hiki.

Ni vema basi kutofautisha nyaraka tatu. Kibali cha ujenzi hutolewa na Halmashauri kabla ya msingi kuchimbwa. Leseni ya biashara humruhusu mtu kufanya biashara fulani mahali fulani. Cheti cha usalama wa moto huthibitisha kwamba jengo lenyewe limekaguliwa na kuonekana lina kinga na tahadhari za kutosha dhidi ya moto. Kuwa na mojawapo ya nyaraka hizo hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na nyingine.

Cheti hudumu kwa mwaka mmoja, kisha jengo hukaguliwa upya. Muda huo una sababu. Katika miezi 12 duka huweza kugeuzwa ghala, chumba cha watu wawili kikawekwa vitanda vinne, mtungi wa kuzimia moto ukapoteza mgandamizo wake, na njia iliyokuwa wazi ikajazwa magunia. Jengo lililokuwa salama mwaka jana si lazima liwe salama mwaka huu, hata kama kuta zake ni zilezile.

Kwa nini Lukozi ina sababu ya kulizingatia jambo hili

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu kinachoungua, hewa ya oksijeni na joto la kuwasha. Kimoja kikiondolewa, moto hufa, vikikutana, huanza. Mazingira yetu ya milimani hurahisisha kukutana huko kwa namna tatu.

Kwanza ni ujenzi. Wilaya yetu ina misitu ya kupandwa, na mbao zinapatikana kwa urahisi kuliko katika maeneo mengi ya nchi. Vibanda vya mabanzi, dari za mbao na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao badala ya matofali ni vya kawaida. Mbao ni mali nzuri, lakini moto ulioanzia chumba kimoja hupita juu ya dari na kuteremkia vyumba vingine kabla ya waliolala kuamka.

Pili ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti watu hutafuta joto, na jiko la mkaa huingizwa chumbani. Hatari yake ni mbili. Cheche inaweza kushika pazia au godoro. Tena mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini bila hata mwali kuonekana.

Tatu ni barabara. Gari lolote la zimamoto linaloitwa Lukozi hupanda kwa barabara ya mlimani yenye kona nyingi, na wakati wa masika ukungu na utelezi huongeza muda wa safari. Moto wa godoro la sponji hujaza chumba moshi mzito katika dakika chache tu. Kwa hiyo maisha ya waliomo ndani hutegemea zaidi kile kilichokuwamo katika jengo kabla ya moto kuliko kile kitakachokuja baada yake. Hicho kilichokuwamo ndicho mkaguzi anachokuja kukitazama.

Mlango unaozuia mwizi

Katika majengo mengi ya Afrika Mashariki, jambo lililogharimu maisha ya watu wengi si ukosefu wa maji wala wa gari la zimamoto. Ni mlango uliofungwa na dirisha lenye nondo.

Historia ya mabweni ya shule inalieleza hilo kwa uchungu. Juni 1994 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo mkoani Kilimanjaro, na wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mwaka 2009 wanafunzi 12 walifariki katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Septemba 14, 2020 watoto 10 walifariki katika bweni la Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera. Kwa majirani zetu wa Kenya, moto wa Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67 mwezi Machi 2001; mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 watoto 21 walifariki kutokana na moto katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililokuwa na watoto zaidi ya 150 na lililojengwa kwa sehemu kubwa kwa mbao.

Hakuna mwalimu, mlezi au mwenye nyumba anayefunga mlango kwa nia ya kumdhuru mtu. Mlango hufungwa kwa hofu ya wezi, au ili wanafunzi wasitoke usiku. Hofu hiyo ina msingi, na mkaguzi haji kuwaambia watu walale milango wazi. Anachotaka ni mlango unaomzuia aliye nje asiingie bila kumzuia aliye ndani asitoke. Kitasa au komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo hufanya kazi zote mbili. Nondo za dirisha zilizofungwa kwa bawaba na kufunguliwa kutoka ndani hufanya hivyo pia, na fundi wa kuchomelea anaweza kuzibadilisha nondo za zamani bila kubomoa ukuta. Kufuli la nje, ambalo ufunguo wake unalala kwa mlinzi au kwa matroni, halikubaliki kabisa pale ambapo watu wamelala ndani.

Mambo anayoyakagua ofisa wa Jeshi

Sheria inampa ofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mamlaka ya kuingia katika jengo na kulikagua. Ukaguzi wake, unaoitwa ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto, hugusa maeneo yafuatayo.

Njia za kutokea. Je, zipo zaidi ya moja? Zina upana wa kutosha kwa idadi ya watu? Milango ya kumbi na mabweni inafunguka kuelekea nje? Watu wengi wanaposukumana gizani, mlango unaofunguka kuelekea ndani huzibwa na miili yao wenyewe. Korido na ngazi zisiwe stoo ya kreti, magodoro mabovu au pikipiki. Alama za kuelekeza njia zionekane, na kuwe na mwanga hata umeme ukikatika.

Mfumo wa umeme. Mkaguzi ataangalia nyaya zilizo wazi, soketi zilizoungua, na waya mmoja unaobebeshwa friji, jiko na pasi kwa pamoja. Kifaa cha kukata umeme kikiwa kinajizima mara kwa mara kinatoa onyo. Kukiwekea waya mnene ili kisijizime ni sawa na kumziba mdomo mlinzi. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jiko, gesi na mafuta. Mtungi wa gesi uwekwe mahali penye hewa, wima, mbali na moto na mbali na njia ya kutokea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Petroli ya bodaboda inayohifadhiwa kwenye madumu na chupa ndani ya duka ni hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mvuke wake ndio unaoshika moto, nao husafiri hadi kwenye jiko lililo mbali na dumu lenyewe.

Vifaa vya kuzimia moto. Mitungi inapaswa kuwa ya aina inayofaa, idadi ya kutosha, na kutundikwa mahali panapofikika. Mtungi wa maji hufaa kwa mbao, karatasi na nguo, lakini haufai kabisa kwa umeme wala mafuta. Mtungi wa poda kavu hufaa kwa aina nyingi za moto na ndio unaopatikana zaidi madukani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hufaa kwa vifaa vya umeme. Jikoni, blanketi la kuzimia moto au hata kifuniko cha sufuria huzima mafuta yaliyowaka. Maji yakimwagwa hapo huyarusha mafuta na kuutawanya moto. Mkaguzi ataangalia pia mshale wa mgandamizo kama uko kwenye rangi ya kijani, pini kama ipo, na tarehe ya matengenezo ya mwisho.

Kengele na vitambuzi vya moshi. Moshi hauna kawaida ya kumwamsha mtu. Mara nyingi humzidishia usingizi. Kitambuzi cha moshi kilicho kwenye dari ndicho kinachoamka kabla ya wote. Katika jengo dogo, kengele ya mkono au filimbi inayojulikana na wote ni bora kuliko kelele za kila mtu kwa namna yake.

Watu wenyewe. Mkaguzi anaweza kumwuliza mhudumu wa mapokezi au mlinzi wa zamu: mtungi uko wapi, unatumikaje, na watu wakitoka wakusanyike wapi? Vifaa visivyo na mtu anayejua kuvitumia ni mapambo. Jeshi hutoa mafunzo, na taasisi inaweza kuyaomba.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kupeleka maombi ya ukaguzi katika ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji inayohudumia wilaya yetu. Maombi yaeleze jina la jengo, mahali lilipo, matumizi yake, idadi ya vyumba au ghorofa, na kadirio la watu wanaolitumia. Mwenye jengo asiyejua pa kuanzia anaweza kufika kwa Mtendaji wa Kata ili aelekezwe.

Hatua ya pili ni ukaguzi wenyewe. Inafaa mwenye jengo au msimamizi wake awepo, akiwa na funguo za vyumba vyote, ikiwa ni pamoja na stoo na chumba cha mita ya umeme. Chumba kisichofunguliwa hakijakaguliwa.

Hatua ya tatu ni taarifa ya ukaguzi. Kama kuna kasoro, zitaandikwa pamoja na maelekezo ya kuzirekebisha. Taarifa hiyo si hukumu. Ni orodha ya kazi, na inafaa ipewe fundi kama ilivyo, asije akarekebisha asichoagizwa.

Hatua ya nne ni marekebisho, na jengo kukaguliwa tena pale inapohitajika.

Hatua ya tano ni kutolewa kwa cheti baada ya jengo kukidhi viwango na ada kulipwa. Ada hutofautiana kulingana na aina na ukubwa wa jengo, hivyo mwenye duka la mlango mmoja asiogope kwa kusikia alicholipa mwenye hoteli. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mwananchi asitoe fedha taslimu mkononi kwa mtu yeyote, na adai stakabadhi yake. Mtu anayejitambulisha kuwa mkaguzi aombwe kitambulisho. Ofisa wa kweli hatakasirika.

Anayetarajia kujenga

Kurekebisha mchoro ni kufuta mstari. Kurekebisha jengo ni kubomoa ukuta. Kwa hiyo wanaotarajia kujenga nyumba ya wageni, ghala, ukumbi, bweni au jengo la ghorofa wanashauriwa michoro yao ipitiwe na wataalamu wa Jeshi la Zimamoto mapema, sambamba na maombi ya kibali cha ujenzi. Ngazi ya pili, mlango wa nyuma na nafasi ya gari la zimamoto kupita ni mambo mepesi yakiwa kwenye karatasi. Yakisahauliwa hapo, huja kumgharimu mwenye jengo mara nyingi zaidi, na katika viwanja vyetu vya miteremko huenda yasiwezekane tena.

Ombi letu kwa wafanyabiashara wa katikati ya mji ni kwamba vichochoro kati ya maduka visizibwe kwa vibanda. Kichochoro ni njia ya watu kukimbilia, na pia ni pengo linalouzuia moto kuruka kutoka duka moja hadi jingine. Julai 10, 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na wafanyabiashara wakapoteza kwa usiku mmoja mali walizokusanya kwa miaka. Soko la mji mdogo lina bidhaa chache zaidi, lakini kwa mwenye kibanda kimoja hicho ndicho alicho nacho chote.

Yanayowezekana kabla ya mkaguzi kufika

Yapo mambo yasiyosubiri ada wala fundi. Ondoa vitu vyote vilivyoziba mlango wa nyuma. Hakikisha kila mlango wa chumba cha kulala unafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Toa jiko la mkaa chumbani kabla ya kulala. Hamisha petroli kutoka dukani. Weka ndoo za mchanga karibu na jiko na jenereta. Chagua mahali pa kukusanyika nje ya jengo na uwaonyeshe wote. Kisha usiku mmoja zima taa zote na ujaribu kutoka kwa kupapasa. Utajifunza kuhusu jengo lako jambo ambalo mchana hulificha.

Moto ukizuka, watu watolewe kwanza na mali baadaye. Piga simu namba 114, bila malipo, na ueleze mahali kwa usahihi: kata, kijiji au mtaa, alama inayojulikana kama soko au shule, na kama kuna watu waliobaki ndani. Mtu mmoja aende barabarani kulipokea gari. Anayepita katika moshi ainame au atambae, kwa kuwa hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Mtungi wa kuzimia moto utumike kwa moto ambao bado ni mdogo, huku mtumiaji akiwa na njia ya kutokea nyuma yake: vuta pini, elekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto wala si kwenye miali, bana, kisha fagia kulia na kushoto. Aliyekwisha kutoka asirudi ndani kwa ajili ya simu, fedha au nyaraka.

Wajibu wa kila mmoja

Usalama wa moto si wa mwenye jengo peke yake. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni ana haki ya kuuliza cheti kiko wapi, na kuomba kuonyeshwa mlango wa pili wa bweni. Mgeni anayelipia chumba ana haki ya kuuliza njia ya dharura. Mpangaji wa fremu ya duka anaweza kuuliza kabla ya kusaini mkataba. Maswali hayo yakiulizwa mara nyingi, wamiliki watayatarajia, na watakuwa na majibu.

Halmashauri inawahimiza wamiliki wa majengo ya biashara, taasisi za dini, shule na wasimamizi wa nyumba za kulala wageni wa Kata ya Lukozi na kata jirani kuomba ukaguzi bila kusubiri kufuatwa. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika jambo hili, tahadhari hiyo inaanzia kwenye komeo la mlango, na komeo linabadilishwa kwa siku moja.